Chuma Kilichobaki Mezani

Habari hii hamtaiamini, na sitawalaumu, maana hata mimi niliyejaliwa akili za kutosha kuwagawia wengine ilibidi nisimuliwe mara ya pili. Ila ni kweli tupu, na inamhusu mke wa mdogo wangu, shemeji ambaye mtaa mzima unamwita Msasa. Wageni hudhani jina limetokana na kazi yake ya kukwangua vyuma. Waliowahi kubishana naye wanajua limetokana na ulimi.

Msasa alikuwa fundi rangi kwenye karakana ya mzee mmoja aliyechoka. Mzee alikuwa amekwisha funga mizigo ahamie kwa binti yake, na suala la karakana lilisimama hivi: ama amwachie Msasa ufunguo, ama ampe jirani muuza soda aigeuze stoo ya kreti.

"Mwanangu," akamwambia asubuhi ile, "lile gari-nyumba limalize peke yako. Mchana nakuja na wenyewe. Likitoka vizuri, ufunguo wako. Likitoka vibaya, kreti zinaingia."

Gari-nyumba lenyewe lilikuwa basi dogo lenye kitanda, jiko na sinki ndani, mali ya dereva wa malori mstaafu na mkewe, watu waliostaafu ili waendelee kuendesha. Bodi yake ilikuwa nzima. Tatizo ni vyuma vyeusi vya nje: ngazi ya nyuma, vishikio vya milango, bawaba, mikono ya turubai la kivuli, fremu ya tairi la spea. Jua lilikuwa limevifyonza weusi wote vikabaki rangi ya majivu, na kutu imeanza kuchungulia pembeni.

Msasa alikuwa ameshavifungua, akavilowesha kwenye ndoo ya sabuni vitoke mafuta, akavisugua, akavipiga praima, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, halafu nyeusi isiyong'aa, mkono mwembamba wa rangi juu ya mkono mwembamba. Asiyejua hudhani nyeusi ni nyeusi. Ipulize kwa pupa, itatiririka kama machozi; ipulize kwa mbali, itakauka hewani na chuma kitakuwa kama kimemwagiwa unga. Ya Msasa ilitulia kama ngozi ya mtoto aliyetoka kuoga. Siku hiyo ilibaki kuvirudisha tu. Akavifunga vyote, akakaza bolti ya mwisho, akarudi nyuma kuliangalia gari, akajipongeza, akageuka kufuta meza.

Mezani kulikuwa na chuma.

Chuma bapa, urefu wa kiganja, matundu mawili, ncha imepinda kidogo, cheusi, kimependeza kuliko wenzake wote.

"Na wewe umetoka wapi?" Msasa akakiuliza.

Akazunguka gari. Akatikisa ngazi: imesimama imara. Akavuta vishikio, akafungua turubai na kulifunga, akalala chini ya gari akachungulia mpaka shingo ikamkaza. Kila kitu kiko mahali pake, na chuma bado kiko mkononi. Je, kama ndicho kinachoshika ngazi? Yule mama mwenye gari atapanda juu kuanika godoro, ashuke na ngazi pamoja, na ufunguo ushuke naye. Akaifungua ngazi, akaifunga upya. Haikupungukiwa kitu. Akafungua bawaba za mlango. Nazo sawa. Ikafika mahali akawa anajiuliza kama gari halikuja na mlango mwingine ambao yeye ameupoteza.

Akampigia simu mumewe. "Hebu niambie, lile gari ulipoliona juzi, lilikuwa na chuma hapa nyuma?"

"Nyuma wapi?"

"Ningejua wapi ningekuuliza wewe?"

Akakata. Hapo ndipo alipoona, kwenye fremu ya tairi la spea, matundu mawili matupu. Akasogeza chuma. Bolti zikaingia kama mguu kwenye soksi. Akashusha pumzi, halafu pumzi ikamrudi: chuma kile hakikushika kitu chochote. Kilichomoza tu pale kama sikio.

Mara mlango ukagongwa. Mzee, dereva na mkewe hao.

Dereva akalizunguka gari, akipapasa kila chuma. Alipofika nyuma akasimama. "Hiki kilikuwepo?"

"Kilikuwepo!" mkewe akadakia. "Si ndipo ninapoanika taulo?"

"Taulo unaanika kwenye kioo, mama."

"Miaka yote hiyo umeangalia barabara tu, utajulia wapi taulo langu?"

Dereva akajikuna kisogo, naye akaanza kujitilia shaka. Msasa akaona mlango wa kuponea umefunguliwa. Angenyamaza tu, mambo yaishe. Lakini akiwaza ngazi, ulimi haukutulia.

"Mama, usinitetee," akasema. "Gari hili nimelifungua kwa mikono yangu, na hicho chuma sikumbuki kukitoa popote. Mzee, sijui kimetoka wapi. Sijui kabisa. Kama kuna kitu kimelegea, bora mjue kabla hamjaondoka."

Mzee akageuka. Akaenda kwenye waya wa kuanikia vyuma vyenye rangi mbichi, akahesabu kulabu kwa kidole, akahesabu tena. Akakitazama kile chuma. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Kulabu yangu bapa iko wapi, Msasa?"

Msasa akatazama waya. Akatazama gari. Ile kulabu ilikuwa na mabonge ya rangi za miaka na miaka. Bila shaka ilidondokea kwenye ndoo, naye akaidhania mgonjwa kama wengine.

"Uliipiga msasa?"

"Niliipiga, Mzee."

"Na praima?"

"Na praima."

"Nimefanya kazi na watu wanaopaka gari kama kulabu," Mzee akasema huku akifuta machozi ya kicheko. "Anayepaka kulabu kama gari, tena akajishtaki mwenyewe, ndiyo leo namwona." Akautoa ufunguo mfukoni.

"Hiyo kulabu haitoki," mke wa dereva akasema. "Taulo langu nitaliweka wapi?"

Basi, sifa zikasambaa. Kesho yake magari-nyumba yalipanga foleni kuanzia mlangoni kwa Msasa, yakapinda kona ya duka la mikate, yakapita hospitali, wagonjwa wakawa wanachungulia madirishani, na mbele kabisa, kwenye gari refu kama treni, alikaa waziri mmoja mwenye—

"Waziri gani tena, shemeji?" Msasa huyo nyuma ya kiti changu, anasoma. "Ilikuja baiskeli moja tu kupakwa rangi. Tena yako, na mpaka leo hujaifuata."