Karte Tuliyoipima kwa Kiganja

Mimi si mjinga. Naanza hapo, kwa sababu mukifika mwisho mutasema vingine, na ninataka ijulikane kwamba nilikataa mapema.

Nina kibanda changu Masisi, chini kidogo ya barabara, pale ninapochapa barua, kutoa fotokopi na kutengeneza filme za ndoa. Ordinatere yangu, yaani kompyuta, ni ya zamani, ile ya sanduku la chuma. Barua ya kuomba kazi inaiandika bila shida. Lakini ukiiomba picha zinazotembea, inaenda hatua mbili inasimama, kama ng'ombe mkaidi kwenye mlima, na hata umtukane mama yake haisogei.

Sasa, mdogo wetu wa mwisho, msichana, aliolewa Walikale. Mama yetu hakufika. Miguu yake imevimba, na barabara ile wakati wa mvua hata vijana wa pikipiki wanafika mwisho wake na matope mpaka kwenye nyusi. Basi nikatumwa mimi na kamera. "Weye njo macho yangu," Mama aliniambia, kwamba mimi ndiye niwe macho yake. Hakuwa anapamba maneno. Jicho lake la kuume lilikuwa limeshafunga utando, la kushoto lilikuwa linafuata, na muuguzi alikuwa amemwambia kwamba kama kuna kitu anataka kukiona, asikawie. Kitu chenyewe kilikuwa kimoja tu: ndoa ya mtoto wake.

Mutaniambia: si umwonyeshe filme, kuna shida gani? Ee, ni rahisi kwa mtu asiye fundi. Mimi ni fundi! Siku hizi kwetu filme ya ndoa bila madoido ni tusi kwa ukoo. Bibi arusi lazima atoke ndani ya ua la waridi linalofunguka. Bwana arusi ashuke kutoka mawinguni, hata kama tunajua wote kwamba alishuka kutoka kwenye lori la mihogo. Mioyo myekundu iruke, majina yameremete kama dhahabu. Na mashini yangu, nikiiomba ua moja tu, ilikuwa inazimika. Nikauliza huku na huku, nikajua dawa yake: karte grafiki, kile kipande kinachosaidia ordinatere kuchora picha upesi. Kila Jumapili kutoka misa Mama aliuliza, "Filme iko wapi?" Na mimi nikajibu, "Mama, tunangoja karte." Wiki zikapita hivyo. Jicho lenyewe halikuwa linangoja karte yoyote.

Mwishowe mfanyabiashara mmoja wa Butembo, mwenye duka la misumari na simu karibu na soko letu, aliniletea karte tatu kutoka Goma. Alizipitisha Mubambiro chini ya katoni za sabuni, kwa maana kwenye bariere ya pale, kile kizuizi cha barabarani, wakiona kitu chenye feni na nyaya, maswali hayaishi. Akazipanga juu ya meza ya duka lake. "Papa, chagula," akasema. Yeye hakujua tofauti yake, na simlaumu, misumari anaijua vizuri.

Mimi nilijua. Hii njo inaniuma mpaka leo. Nilikuwa nimeandika kwenye daftari langu kwamba karte iwe fupi, kwa sababu sanduku langu ni jembamba, tena isiombe umeme mwingi, kwa sababu sisi tunaishi kwa plake za jua. Moja kati ya zile tatu ilikuwa hivyo kabisa. Ndogo, nyepesi, haina cha kujivunia. Nikaishika, nikasema, "Hii."

Laiti ningelipa na kuondoka! Lakini shemeji yangu, kaka wa bibi yangu, alikuwa ameegemea mlango. Shemeji ananunua koltani, yale madini ya kutengenezea simu, machimboni Rubaya. Amenunua miaka mingi mpaka kila kitu duniani kwake ni jiwe. Ukimpa nyanya, anaipima kwa kiganja kwanza. Mwanangu wa tatu alipozaliwa, alimnyanyua hivyo hivyo, akamrusha kidogo, akanipongeza kwa kilo. Basi akanyoosha mkono, nami kwa heshima nikampa karte yangu ndogo. Akaidunda kiganjani mara mbili, akafunga macho.

"Iko bure," akasema. "Muchanga mutupu."

Akaichukua ya pili, akatikisa kichwa. Akaichukua ya tatu, ndefu kama mkate, feni mbili na chuma tele, na mkono wake ukashuka kwa uzito. Akafungua macho.

"Hii njo iko na mali ndani."

"Shemeji, hii si jiwe."

"Ati si jiwe! Kwani ndani banatiaka nini? Si ile yetu yenye inatoka Rubaya? Kama iko muzito, njo kusema banatia mingi. Ao sasa weye unanifundisha kazi yangu?"

Hapo watu wakaanza kusogea. Mama muuza jibini aliweka kikapu chini, akaipima kwa mkono uleule anaopimia jibini, akasema nzito, kweli. Dereva wa pikipiki akaipima, nzito. Katekista, mtu msomi, anayejua Kifaransa, akaipima kwa mikono miwili akiwa amekunja uso kama mbele ya altare, naye akasema nzito. Hakuna hata mmoja aliyewahi kugusa karte grafiki tangu azaliwe. Sisi watu wa vilima hivi tumebeba mizigo mpaka akili imehamia mabegani.

Na mimi je? Mimi mwenye daftari? Nikaichukua ile kubwa, nikaisikia inavuta mkono, na moyo wangu, mpumbavu huyu, ukasema: nzito, kweli. Nikafunga daftari. Nikamrudishia Papa wa misumari ile ndogo, na mwalimu mmoja aliyekuwa nyuma yangu akainunua bila kelele. Nasikia inafanya kazi vizuri sana. Yule mwalimu simsalimii tena.

Nyumbani karte ikakataa kuingia. Ilipita urefu wa sanduku kwa vidole vitatu. Nikaita fundi wa kuchomelea vyuma, akakata ukuta wa ubavuni kwa msumeno huku nikishikilia taa na kujiambia kwamba haya ndiyo maendeleo. Kisha tukakuta ina midomo miwili ya kunyonyea umeme, na kisanduku changu cha kugawa umeme hakina waya hata mmoja wa kuilisha. Fundi wa redio akaunga nyaya. Tukawasha. Yesu wangu! Feni zililia mpaka mwenye kinu cha kusagia mihogo ng'ambo ya barabara akaja kuuliza kama nimemfungulia biashara shindani. Ikaja harufu, kisha moshi, kisha kimya.

"Si nilikuambia?" Shemeji akasema nyuma yangu, na furaha yote usoni. "Iko na nguvu!"

Nilitaka kumpima yeye kwa kiganja, lakini kwenye shavu.

Karte ilikufa na kisanduku cha umeme pamoja nayo. Nikatafuta kisanduku kingine kwenye mashini mbovu ya rafiki, nikakifunga, na ordinatere yangu ikaamka ilivyokuwa zamani, isipokuwa sasa ina tundu ubavuni. Nilikuwa bado natafuta uongo wa Jumapili ijayo wakati pikipiki iliposimama mlangoni siku ya soko, na Mama akashushwa na watu wawili.

"Leo sitaki kusikia karte," akasema, akikaa kwenye kiti changu. "Fungula filme."

"Mama, haijatengenezwa. Iko mbichi. Kuna bintu bingi bya kukata."

"Fungula."

Nikafungua. Haina ua, haina wimbo. Picha ya kwanza kabisa ilikuwa ile niliyopanga kuitupa kabla ya zote: jikoni kwa wenyeji, asubuhi ya ndoa, mdogo wetu amekaa kwenye kigoda, upande mmoja wa kichwa umesukwa, upande mwingine umesimama wima. Alinigeukia kwa hasira, "Kaka, zima!" Kisha akagusa upande ule uliosimama, akaangalia kamera kama anamwona Mama ndani yake. "Ao acha. Mama, kuya unisuke uku. Awa hawajue."

Na hapo hapo mashini ikasimama, kama desturi yake, picha ikaganda kiooni. Nikaruka kwenda kuipiga ubavuni.

"Usiguse!" Mama akasema.

Alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Akageuza uso ili jicho la kushoto lipate nafasi. Akaweka vidole juu ya ule upande ambao haujasukwa, akavipitisha polepole, akigawa mistari. Mimi nilisimama na aibu yangu, sina pa kuiweka.

"Hii njo ulitaka kukata?"

"Ndiyo, Mama. Nilitaka kuweka ua."

"Ua utakuya kuliweka kwa kaburi yangu," akasema, bila kutoa vidole kwenye kioo. "Hapa uniachie nywele za mutoto wangu."