Fundi Subiri hakunji tena bomba la breki

Saa moja asubuhi, miguu miwili imechomoza chini ya gari la porini lililozaliwa kabla ya mwenye miguu hiyo. Kwa umri, gari ndilo linalostahili shikamoo.

"Kanyaga!" inaamuru sauti kutoka chini.

Juu, kwenye kiti kilichobakiwa na springi na heshima tu, mke wa fundi anakanyaga pedali ya breki mara tatu.

"Shikilia!"

"Nimeshikilia. Wewe fungua, mguu unakufa ganzi."

Mafuta ya breki yanatoka na mapovu. Upepo bado umo ndani ya mabomba. Kisha gurudumu la nyuma la kushoto linaanza kutoa machozi meusi: mpira wa silinda ya breki, unaozuia mafuta, umekwisha. Fundi anatoka, anajifuta uso kwa kitambaa kichafu kuliko uso wenyewe, na kutangaza msiba.

"Halitoki leo."

Ndiyo maana mtaa unamwita Fundi Subiri. Ana miaka 47, na breki amezishika tangu akiwa na miaka 19. Zamani alipokea magari manne kwa wiki. Siku hizi likija moja, hulipokea kama bibi harusi.

Kilichowafukuza wateja ni bomba. Gurudumu likivuja na kipuri hakuna, mafundi wengi hukata bomba jembamba linalolipelekea mafuta, wakaikunja ncha na kuiponda kwa nyundo. Gari huondoka na breki tatu, dereva huondoka na nasaha ya kwenda polepole. Kazi ya dakika kumi.

"Nilikuwa bingwa wa kukunja," anasema. "Miaka sita iliyopita nilimkunjia shemeji, kaka wa huyu." Anaelekeza kidevu kwa mkewe. "Nikamwambia, shemeji, ni ya leo tu. Akanijibu, leo tu inatosha."

Ilitosha. Kwenye mteremko wenye kokoto alikanyaga breki ghafla, gari likiwa na mzigo. Upande mmoja ukashika, mwingine ukateleza. Gari likavutwa kando, likabingirika mpaka bondeni. Aliacha watoto watatu.

Mwenye gari la leo, muuza saruji mwenye kitambi na haraka, anawasili kabla ya saa tatu.

"Fundi, kule mlimani wajenzi wananisubiri."

"Waambie wazoee. Mimi jina langu ndilo hilo."

"Acha mzaha! Kunja hilo bomba, nirudi kesho."

"Sikunji, mzee."

"Wenzako wote wanakunja! Ningelivuta kwa jirani yako, saa hii pedali ingekuwa ngumu kama jiwe."

Fundi hambishii. Anajua ni kweli, na huo ukweli ndio unaoua: bomba likikunjwa, pedali huwa ngumu vizuri kabisa, na dereva hudhani amepona. Anaingiza mkono mfukoni, anatoa funguo. Gari si lake. Mwenyewe akilipeleka kwa jirani, litapanda mlima na breki tatu, na litateremka pia.

Muuza saruji anazipokea. Anafungua mlango. Mke wa fundi hasogei.

"Mama, shuka basi."

"Ya kaka yangu nayo ilikuwa ngumu," anasema mwanamke yule, bila kupandisha sauti. "Alikanyaga akiwa hapa hapa uani. Akacheka, akasema shemeji yangu ni fundi."

Muuza saruji anaitazama pedali, kisha mguu ulio juu yake. Anazitupa funguo kwenye kiti.

"Ijumaa," anasema. "Na baada ya hapo hunioni tena hapa."

Anaondoka bila kuaga. Huyo alikuwa mteja pekee wa wiki.

Fundi anapanga kwenda kesho kwa wauza vyuma chakavu, kutafuta silinda ya gurudumu kwenye gari pacha la hili, kama halijayeyushwa likawa masufuria. Ana ombi moja pia.

"Nikimaliza, nitamwomba mwenye gari ruhusa ya kulijaribu mpaka kwa mama mkwe. Tangu mazishi, hapandi gari nililoligusa mimi. Nataka nimlete nyumbani."

"Mama mwache kwanza," mkewe anasema kutoka kitini. "Mimi je?"

Fundi anamgeukia. Miaka sita mkewe amemkanyagia breki za kila gari lililoingia uani hapa. Hajaondoka na hata moja.

"Utapanda?"

"Tengeneza, tuone."

Fundi anachukua spana, anarudi chini kuifungua silinda mbovu.