Viraka wa Kona ya Tisa

Kutoka kileleni mpaka mjini chini, barabara ile ilikuwa na kona ishirini na mbili. Upande mmoja ukuta wa mwamba, upande wa pili korongo. Wateremsha viazi kwa baiskeli walizijua kona zote kwa namba, na kila mmoja alikuwa na yake anayoichukia.

Kibanda cha Viraka kilikuwa juu kabisa, pale barabara inapotulia kidogo kabla ya kuporomoka. Mabati matatu, benchi moja, beseni la maji la kutafutia tundu kwenye tyubu, na kopo la gundi lisilojua kifuniko. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye karatasi. Kwa watu wote alikuwa Viraka, kwa kuwa kuziba pancha ndiyo kazi iliyomlisha. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mwenye mabega kama mlango na mdomo usio na breki. Mtu akimletea baiskeli iliyochoka, alimwambia, "Shemeji, wewe huhitaji fundi, unahitaji mchimba kaburi. Haya, kaa hapo nikubadilishie mpira." Na angembadilishia, akimtukana mpaka mwisho.

Kuteremka hakukuwa na neno. Magunia mawili kwenye keria, kilomita kumi na nane, breki zikinuka kama nywele zinazoungua. Balaa lilikuwa kurudi. Kupanda kwa miguu kulikula nusu ya siku, kwa hiyo walidandia malori. Walisubiri lori likate kona kwa gia ndogo, wakashika mnyororo wa nyuma kwa mkono mmoja na usukani kwa mwingine, wakavutwa mpaka juu. Madereva wengi walijifanya hawaoni. Ila lori moja la saruji, lenye kichwa cha bluu, lilikuwa na utingo aliyekaa nyuma na kipande cha nondo. Huyo hakusema "achia". Alipiga vidole.

Viraka alikuwa na mdogo wake mmoja tu, kitinda mimba wa mama yao, aliyeteremsha viazi tangu alipoota ndevu. Siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, kwenye kona ya tisa, alishika mnyororo wa lori lile. Wenzake waliokuwa nyuma waliona kila kitu. Pigo la kwanza vidoleni, akang'ang'ania. Pigo la pili kichwani. Baiskeli ikaenda zake na yeye akaenda zake, wote korongoni. Lori halikusimama.

Wanaume saba walifika na kamba. Walichungulia chini, kisha wakatazamana. Viraka alifika mbio, akavua aproni yake na kujishika kiuno.

"Nifungeni."

Babu Mizani, mzee aliyepima magunia kule juu, akamshika mkono. "Mwanangu, hii si kazi ya mwanamke."

"Ni kazi ya dada yake. Nifungeni, babu."

Wakamteremsha. Mawe yalimchuna magoti, miiba ikamrarua mikono. Alimkuta mdogo wake amelala kifudifudi juu ya jabali, na alipomgeuza alitamani asingemgeuza. Hakulia. Alitoa mipira ya tyubu aliyojizungushia tumboni, akamfunga kifuani pake, uso kwa uso, akatikisa kamba. Njia nzima ya kupanda, damu ya mdogo wake ilimtiririka shingoni, ya moto kwanza, kisha ya baridi.

Askari alikuja, akaandika "ajali". Walipomtajia namba za lori, alifunga daftari. "Mmeambiwa mara ngapi msidandie?"

Baada ya mazishi mama alimwita chumbani. Alikuwa ameketi kitandani na shati la marehemu mapajani. "Kilio kimoja kinanitosha," alisema. "Usiniongezee cha pili. Umenisikia?"

"Sawa, mama."

Lakini sawa ile iliishia mdomoni. Kesho yake baiskeli ya marehemu ilipandishwa kutoka korongoni, na Viraka akakaa nayo siku nne. Alinyoosha rimu, akabadilisha njiti kumi na tisa za magurudumu, akafunga breki mpya. Kisha akapakia viazi, akaanza kuteremka na wanaume. Wa kwanza kumcheka alimpita kwenye kona ya tatu, kicheko kikaisha.

Wiki tatu alishuka na kupanda. Lile lori la bluu lilimpita mara nne, limejaa kasi. Mara ya tano lilimkuta kona ya tisa likiunguruma, limezidiwa na mzigo, moshi mweusi ukitambaa barabarani. Viraka akakanyaga pedeli kwa nguvu zote, akanyoosha mkono wa kushoto, akashika mnyororo.

Utingo akaja ukingoni mwa bodi, kope zake nyeupe kwa vumbi la saruji. Akaona ni mwanamke, akacheka. "Mama, achia ukapike!"

Nondo ikashuka. Vidole viwili vikavunjika, Viraka akavisikia kama vijiti vikavu. Hakuachia. Utingo akainama zaidi ili pigo la pili limfike kichwani, na hapo ndipo Viraka alipouacha usukani, akaudaka mkono wenye nondo, akaing'oa miguu kwenye pedeli na kuuachia mwili wake wote uning'inie. Utingo akapinduka juu ya bodi kama gunia lililokatika kamba.

Walianguka kwenye lami pamoja. Lori liliendelea kupanda, dereva hana habari. Utingo alikuwa wa kwanza kuinuka. Akampiga teke la mbavu, la pili, la tatu, kisha akamkalia na kumkaba koo. Viraka akampiga kwa paji la uso, pua ya yule ikapasuka, damu ikammwagikia Viraka machoni. Wakabingirika mpaka kwenye mawe ya ukingo. Kwa mkono uliovunjika akapapasa, akagusa nondo, akaihamishia mkono mzima. Alimpiga nayo kiwikoni, yule akaachia koo. Kisha akaukanyaga mkono wa utingo pale chini kwenye lami, akaupiga. Mara ya kwanza mfupa ulilia. Mara ya tatu haukulia tena.

"Dereva ndiye ananituma!" utingo alipiga ukelele. "Nina watoto, dada!"

"Usiniite dada."

Nondo ilikuwa tayari juu ya kichwa chake wateremsha viazi sita walipotokea kwenye kona. Walitupa baiskeli, viazi vikatawanyika barabara nzima, wakamvamia yule mtu kwa mateke. Wawili wakamshika miguu, wakaanza kumburura kuelekea korongoni. "Tumtupe! Na yeye akaone kulivyo!"

Viraka alichungulia kule chini. Aliliona lile jabali. Nondo ikamlegea mkononi.

"Mkimtupa," alisema, akitema damu, "nani atateremka na kamba?"

Wale wawili nao wakachungulia chini.

"Mimi sirudi huko. Haya, atajwe wa kuteremka, kisha mumtupe."

Wakamwachia. Hasira yao ikahamia kwa dereva, aliyekuwa amesimamisha lori mbele baada ya kumkosa utingo, akarudi na spana mkononi. Akaitupa alipoona idadi yao, lakini alikuwa amechelewa. Walimpiga mpaka akapoteza fahamu, na vioo vya lori havikubaki hata kimoja.

Safari hii askari aliandika kurasa nyingi. Mashahidi sita walisimama mahakamani. Utingo alipewa miaka saba kwa kifo cha yule kijana. Mkono wake ulikuwa umeshakatwa. Hakimu alipomuuliza kama ana la kusema, alimgeukia Viraka: "Sikuwahi kutazama nyuma. Nilipiga tu, tukaenda." Dereva alifungwa mitatu. Viraka, mmoja, kwa ule mkono.

Mama hakukanyaga gerezani miezi minne. Wa tano akaja, akakaa ng'ambo ya wavu.

"Ulinidanganya."

"Ndiyo, mama."

Mama akashika wavu. "Wanawapa chakula cha kutosha?"

Viraka alitoka gerezani na vidole viwili visivyokunjika. Alimwambia Babu Mizani kwamba alidhani angepata usingizi, lakini akifumba macho haoni sura ya mdogo wake. Anasikia mfupa wa yule mtu ukilia. Mzee alitikisa kichwa, akampimia mteja gunia.

Kisha Viraka akafungua kibanda. Kwenye kila baiskeli iliyoletwa alifunga gurudumu la meno kubwa zaidi nyuma, ili mlima upandike kwa miguu ya mtu mwenyewe kwa saa tatu badala ya nusu siku. Wengi walimshukuru. Wengine bado hudandia, maana uvivu hauna dawa. Wakipita pale kibandani wamening'inia kwenye mnyororo, Viraka huwatupia mawe, na kwa kulenga shabaha hakosei.