Msimu Ambao Golikipa wa Majengo Aliogopa Kushinda

Waulize wazee wa mtaa wa Majengo, mjini, waliokuwa vijana mwaka 1953, watakuambia kuwa baba yangu, Gideoni Mazengo, alidaka mechi saba bila kufungwa hata bao moja. Watakuonyesha na namna alivyoruka. Hakuna atakayekuambia kwamba alidaka kwa njaa, maana njaa haiwekwi kwenye sifa za mtu.

Sisi tulikaa kijijini Zuzu, nje ya mji. Mvua ilikuwa imetunyima misimu miwili, ng'ombe wamekwisha, na nyumbani tulikuwa wanne: baba, mama Yudith, mimi Zipora wa miaka minane, na bibi Anyesi aliyemzaa baba. Tulikula mboga ya mlenda tupu, bila ugali. Bibi alikuwa akisema ameshiba kabla hata hajanawa.

Ndipo Bwana Hasanali, muuza nafaka wa Majengo, mtu mwenye kichaa cha mpira, akatoa ahadi. Kila mara timu ya Majengo itakapovuka hatua katika Kombe la Jimbo, au ikitoka sare na kutakiwa kurudiana, kila mchezaji atapewa pishi mbili za unga za kumpa nguvu ya mechi inayofuata. Baba, ambaye zamani alidaka kwa kujifurahisha tu, akaanza kudaka kama mtu anayezuia fisi mlangoni pa zizi. Alikwenda mjini kwa miguu akifuata njia ya reli, akarudi na unga kichwani. Watu walimshangilia yeye. Mimi nilishangilia mfuko.

Wiki ya fainali alimwendea Bwana Hasanali dukani.

"Tukichukua kombe, bwana, unga utaendelea?"

"Mkichukua kombe, msimu umekwisha, Gideoni. Na ghala langu lenyewe sasa naona sakafu. Labda mtoke sare mrudiane," akasema, akicheka.

Baba hakucheka. Jioni ile alimweleza bibi, nami nikiwa palepale. Wakifungwa, hakuna unga. Wakishinda, hakuna unga. Sare ndiyo ingetupa pishi mbili nyingine.

"Mama, nikipata nafasi, niache bao liingie?"

Bibi alivuta shuka lake mabegani.

"Fanya unavyoona, mwanangu. Ila urudi na unga."

Fainali ilikuwa na timu ya Mpwapwa. Majengo walitangulia kwa bao moja, na zikiwa zimebaki dakika chache, mshambuliaji wa Mpwapwa akachomoka peke yake. Baba aliniambia miaka mingi baadaye kwamba alikuwa amekwisha kuamua. Alijiambia, huu ndio unga wa mama. Mpira ukaja chini, karibu na nguzo ya goli, na mikono yake ikaenda yenyewe. Akabaki amelala juu ya mpira, hataki kuinuka.

Walimbeba mabegani mpaka sokoni. Alilia njia nzima, nao wakasema ni machozi ya furaha. Sijui kama watu wanakuwa wajinga kiasi hicho au wanaamua tu.

Alirudi Zuzu na mfuko umekunjwa kwapani. Bibi aliuchukua, akaufungua, akachungulia ndani, akaukunja tena vizuri.

"Pole, mwanangu," akasema. "Kumbe hukuweza."

Hakumkasirikia. Nadhani angemkasirikia ingekuwa nafuu kwa baba. Siku ya kumi na tisa baada ya fainali, bibi alifariki.

Kwetu mtu haendi msibani mikono mitupu, hata mwaka wa njaa. Wachezaji wote walikuja, na kombe lao, eti kumheshimu mama wa golikipa. Bwana Hasanali alileta debe zima la unga, sijui alilikwangua wapi. Mama akasonga ugali wa waombolezaji, mweupe, mzito. Nilikula mpaka tumbo likaniuma, na siku ile sikuona haya.

Baba alinawa. Akanawa tena. Kisha akaketi na mikono yake magotini, ugali ukapoa mbele yake.