Kavindu, Refa Aliyenyang'anywa Fainali

Kavindu Maingi anafuma sweta za shule kwa mashine pale Kariobangi, Nairobi, ghorofa ya pili, juu ya mafundi wanaogonga masufuria mchana kutwa. Ukimkuta kazini hutamdhania lolote. Lakini kwa miaka tisa sasa, kila wikendi, huvaa nguo nyeusi akaenda kuchezesha mpira kwenye viwanja vya vumbi, vile ambavyo refa akikosea hutoka mbio kabla hata wachezaji hawajavua viatu.

Mwaka huu kamati ya ligi ya mtaa ilimpa fainali, uwanjani Kaloleni. Hakuna mwanamke aliyewahi kupewa fainali hiyo. Wakaguzi wa ligi kubwa wangekuja kumtazama, na ana miaka thelathini na minne. Alishaambiwa wazi kwamba mwakani hawatamtazama tena, umri utakuwa umempita. Kwa hivyo fainali hiyo, jamani, ndiyo iliyokuwa nafasi yake ya mwisho.

Sasa niwaambie habari za baba yake. Mzee Maingi, dereva mstaafu wa kaunsil ya jiji, anaishi Kaloleni katika nyumba ile ile alimozaliwa yeye mwenyewe. Mzee alimpa binti huyu jina la mama yake mzazi, ndiyo maana humwita Mwaitu, yaani mama yangu kwa Kikamba. Na mzee ni maarufu. Kila Jumamosi asubuhi hupigia simu redio moja ya mtaani, kwenye kipindi cha michezo, na mtangazaji Patrobas ana mchezo naye uitwao Hukumu ya Mzee. Patrobas anaeleza kisa cha uwanjani bila kutaja timu wala jina la mtu. Mzee ana sekunde kumi za kuhukumu kabla kengele haijalia. Akichekesha, studio nzima inapiga meza. Hata dukani wanamjua kwa sauti, wanamvutia kiti.

Jumamosi moja Patrobas akasema, "Mzee, refa ni mwanamke. Dakika ya tisini mpira unamgonga beki. Watu wanasema mkono, yeye anasema bega, anakataa penalti. Kosa ni la nani?"

"La aliyempa filimbi!" mzee akajibu bila kupumua. "Mrudisheni jikoni. Huko akikosea ni chumvi tu!"

Meza zikapigwa.

Refa huyo alikuwa Kavindu. Mechi ile ilikuwa nusu fainali, na alikuwa ameichezesha jana yake, kwa kuitwa ghafla baada ya refa mwingine kuugua, na baba yake alidhani yuko kwenye sweta zake. Na lilikuwa bega. Alisimama hatua tatu tu kutoka pale.

Kufika adhuhuri, sauti ya mzee ilikuwa kwenye kila simu. Mafundi wa chini wakampokea: "Niaje refa! Leo chumvi ni vijiko vingapi?" Siku ya kwanza alicheka nao. Siku ya tatu akaanza kupitia ngazi za nyuma.

Jumatano Ng'ang'a, mwenyekiti wa kamati, akamwita.

"Kavindu, mimi binafsi sina shida na wewe."

"Basi shida iko wapi, mwenyekiti?"

"Mashabiki watakuimbia 'Jikoni!' dakika tisini. Mechi itaharibika. Na kama baba mzazi amekukataa mbele ya Eastlands nzima, mimi nitakutetea kama nani?"

"Nipe basi hata bendera ya pembeni."

"Mwaka mwingine."

"Sina mwaka mwingine!"

Ng'ang'a akainama kwenye karatasi zake.

Kavindu alienda Kaloleni kwa baba yake, kwa miguu. Mzee aliposikia, akasema, "Nilikuwa nacheza tu, Mwaitu. Sikujua ni wewe."

"Nenda ukamwambie Ng'ang'a."

Mzee alienda kesho yake, koti la kanisani mwilini. Ng'ang'a akamsikiliza, kisha akamuuliza, "Sasa nimsikie mzee yupi? Wa redioni ama wa hapa? Ulikosemea ndiko ukaseme tena. Nikisikia, tutaongea."

Jumamosi mzee alianza kupiga nusu saa mapema. Alipopata laini hakungoja swali. "Patrobas, yule refa ni binti yangu. Lilikuwa bega. Mimi ndiye niliyekosea, na ninaiomba kamati—"

"Lo! Kumbe kesi ilikuwa ya nyumbani! Wasikilizaji, mzee leo amenyimwa chai!"

Meza zikapigwa. Lorraine, msichana anayesoma matokeo, akasema kwa ukali, "Patrobas, mwache amalize. Haichekeshi." Kisha kengele ikalia, wakaweka muziki. Mzee aliendelea kusema "halo, halo" peke yake. Ng'ang'a hakupiga simu.

Fainali alipewa refa mwingine, Mbuthia. Kavindu alikwenda hata hivyo, amevaa nguo zake nyeusi ndani ya jaketi, filimbi mfukoni, labda Mbuthia angeteguka mguu akipasha misuli. Hakuteguka. Baba yake alimkuta amesimama kwenye ua wa waya.

"Mwaitu, ningejua ni wewe nisingesema."

"Najua, baba. Na kama angekuwa Mbeti, yule refa wa kike wa Tassia?"

Mzee alitazama uwanjani. Angeweza kudanganya, na nadhani alitamani.

"Ningesema."

"Na angekosa mechi yake, vivyo hivyo."

Mzee akashika waya kando ya binti yake. Mbuthia akapuliza filimbi. Ng'ambo ya uwanja, kwenye viti viwili vya plastiki, wakaguzi walikuwa wameshafungua daftari zao, wanaandika.