Santuri Sita Zilizopinda

Sisi tuliokulia Kituntu kabla ya uhuru tulikuwa na nyimbo kumi na mbili tu, na zilitutosha. Santuri sita, kila moja ina wimbo upande huu na mwingine upande ule. Mjukuu wangu Kemi, aliyekuja likizo kutoka Dar es Salaam, anasema simu yake ina nyimbo maelfu. Nikamwambia aniimbie mmoja mpaka mwisho. Akaanza kwa mbwembwe, akafika ubeti wa pili, akacheka, akasema mengine yanaendelea hivyo hivyo. Mtu ana shamba zima la migomba na hajui kumenya ndizi.

Huyo Kemi ndiye aliyezikuta santuri zangu chini ya kitanda, alipojitolea kunisafishia chumba. Kusafisha kwa vijana maana yake ni kutupa. Alizitoa moja moja kwenye sanduku, akaona zilivyopinda, kingo zimenyanyuka huku na kule, akasema, "Bibi, hizi si zimeshakufa? Nizitupe?" Nilimjibu kwa sauti iliyomfanya avue vile vidude vya masikioni. Hajui nazitunza kwa nini. Hakuna anayejua, maana sijawahi kumweleza mtu.

Gramafoni aliileta baba baada ya msimu mzuri wa kahawa. Alikwenda Bukoba juu ya lori la magunia, akarudi ameipakata njia nzima kwa sababu hakumwamini dereva wala barabara. Baba alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri wa kujisikia kidogo, na kusikiliza santuri kwake kulikuwa na taratibu kuliko ibada. Jumapili mchana watu walikuja, na hakuna aliyeketi kabla ya kunawa miguu. Ndiyo, miguu! Ukiuliza miguu inahusiana nini na muziki, ulirudishwa kwenu. Wazee walikaa kwenye vigoda, akina mama kwenye mikeka, sisi watoto kwenye nyasi zilizotandazwa sakafuni. Baba alizungusha mpini, akabadilisha sindano kwa uangalifu kama anayetoa funza, na hata wenye kikohozi walikimeza. Mwinjilisti wetu alifika mara ya kwanza kuchunguza kama nyimbo zile zina dhambi. Alizisikiliza zote kumi na mbili, akasema bado hana hakika, akaja tena Jumapili nne mfululizo ili ahakikishe.

Leo kila mtu na wimbo wake sikioni. Anatembea barabarani anatikisa kichwa peke yake, anatabasamu peke yake. Enzi zetu mtu wa namna hiyo alishikwa mkono akapelekwa kuombewa.

Mama yangu alitoka Isingiro, kwa wafugaji. Shangazi, dada yake baba, hakuwahi kumsamehe kwa hilo. Alimwita "mtoto wa ng'ombe" kwa sababu alipoolewa hakujua kumenya ndizi haraka. Kutoka kwao mama alikuja na vibuyu vya maziwa, na kila siku alivifukiza: aliwasha nyasi fulani zenye harufu nzuri kwenye chungu kidogo cha makaa, moshi ukaingia kibuyuni, na maziwa yakanukia mpaka unayafikiria njiani ukitoka shule. Kwao, chombo kisichofukizwa ni cha watu wachafu. Shangazi aliyanywa maziwa hayo vikombe viwili viwili, kisha akafuta mdomo na kuendelea kumsema.

Mwaka mmoja mvua zilinyesha wiki nyingi kabla ya Krismasi, na santuri zikaanza kunuka ukungu. Baba alikuwa amealika watu wengi kuliko kawaida kwa sikukuu hiyo, wakiwamo wageni wa kanisa kutoka Rugu. Siku moja kabla, mama alifungua lile sanduku, akakunja pua. "Koku," akaniambia, "kaniletee nyasi za kufukizia." Nilikuwa na miaka kumi. Nilikimbia, nikazikata mwenyewe, nikapuliza makaa mwenyewe mpaka machozi yakanitoka. Mama akazipanga santuri juu ya kichanja cha matete, kama anavyopanga vibuyu, moshi ukapanda taratibu. Alipomaliza akaninusisha moja.

"Zinanukia?"

"Zinanukia kama maziwa, Mama."

Tulifurahi, wapumbavu wawili. Santuri za zamani hazipendi joto, na hilo hatukulijua. Alizirudisha sandukuni zingali vuguvugu, moja juu ya nyingine, na sanduku lenyewe halikuwa limenyooka chini.

Kesho yake watu walikula, wakanawa miguu, wakakaa. Baba akaweka sindano. Sindano ikapanda, ikashuka, na sauti ya yule mwimbaji ikazama, ikaibuka, ikazama tena, kama mlevi anayeteremka mlima. Baba akajaribu ya pili. Ya tatu. Zote sita zilikuwa hivyo. Mgeni mmoja akaanza kucheka.

"Mawe! Mama wee!" Shangazi akasimama. "Nani ameziharibu?"

Mama alifungua mdomo, lakini mimi nilimwahi. "Ni Mama! Amezifukiza kama vibuyu. Mimi nilimkataza, hakunisikia."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Nami nikacheka, tena kwa sauti kuliko wote, ili nionekane niko upande wao. Mama hakunikanusha. Alinitazama tu, akakusanya vikombe, akaenda jikoni. Asubuhi akafunga khanga zake akarudi kwao Isingiro.

Siku tisa hatukuwa na mama. Shangazi alitupikia, kama kile kilikuwa kupika. Maziwa yalinuka kibuyu. Wadogo zangu walilala wakilia, wakinitazama mimi kama mkubwa wao, na mimi nilijua ninachokijua nikanyamaza. Nilimwogopa baba, lakini nilimwogopa zaidi Shangazi asije akaniita mimi pia mtoto wa ng'ombe. Nasema wazi: nilikuwa mwoga na mnafiki, na utoto si kisingizio.

Siku ya tisa baba alimfuata. Sijui walizungumza nini huko. Nilisikia tu siku nyingine mama akimwambia kwa heshima ya kwetu, "Waitu, nilikuwa nazitunza." Walirudi pamoja, baba amebeba kibuyu kipya begani, na Jumapili akawaita watu walewale, akawanawisha miguu, akaweka santuri ileile iliyopinda. Shangazi akaguna. Baba akasema, "Kwao mke wangu hawafukizi kitu wasichokipenda. Asiyetaka kusikiliza, njia anaijua." Hakuna aliyeondoka. Tukasikiliza zote kumi na mbili zikiyumba, na baada ya miezi michache hakuna aliyesikia kasoro tena. Tukichuma kahawa tuliziimba hivyo hivyo, tukishusha sauti pale zinaposhuka.

Mama hakulitaja jambo lile maisha yake yote. Alipougua nilimwogesha, nikamlisha, nikamfukizia kibuyu chake. Kila siku nilisema leo nitamwambia, na kila siku neno likanikwama. Akafariki sijalisema.

Sasa juzi Kemi, aliyekuwa amesoma majina kwenye santuri, ananikimbilia na simu. "Bibi, wimbo wako huu hapa, umesafishwa kabisa!" Nikasikiliza. Ni yuleyule mwimbaji, ni gitaa lilelile, lakini ubeti wa pili ukapita umenyooka kama barabara ya lami, pasipo kushuka popote. Nilimsubiri mama yangu pale, hakuwapo.

"Zima," nikasema.

"Sasa hizi za kwako nani aliziharibu?"

Swali la Shangazi, karibu neno kwa neno. Miaka sabini imepita, na safari hii hapakuwa na mtu wa kumsingizia.

"Mimi," nikasema. "Nilikata nyasi, nikapuliza makaa, kisha nikamsingizia mama yangu mbele za watu."

Nikangoja.

"Aa, Bibi, ulikuwa mtoto bwana. Siyo ishu." Akarudisha vidude vyake masikioni.

Enzi zetu neno moja la mtoto liliweza kumrudisha mwanamke kwao siku tisa. Siku hizi unaungama dhambi ya maisha yako yote, na mtu hainui hata macho kutoka kwenye simu. Nikalivuta sanduku, nikaitoa na gramafoni ya baba, nikazungusha mpini, nikaweka sindano. Wimbo ulipofika ubeti wa pili ukashuka palepale, na mimi nikasema, "Nisamehe, Mama." Nilisema kwa sauti, maana Kemi hakuwa akisikia.