Nyumba Aliyoizika Mzee Tluway

Ipo siku moja, mwanangu, naikumbuka kila nikifunga viatu kutembeza wageni, hawa watalii wetu. Mimi sio mzee, ndevu zenyewe ndio kwanza zinaota. Lakini wewe kazi umeanza juzi, na ulivyomkunjia dereva ngumi jana pale stendi, nimejiona mwenyewe. Kaa hapa.

Njia yetu unaijua. Tunatoka sokoni Karatu, tunapita matanuri ya tofali, tunapita lile jumba bovu la mzungu wa kahawa, tunapanda kilima, tunazunguka mpaka sokoni tena. Zamani kule kilimani palikuwa na nyumba ya chini ya ardhi. Wairaqw waliichimba, wakawa wanajificha humo wao na ng'ombe wao, Wamasai waliokuja kuteka mifugo wanapita juu bila kujua. Mama yake Mzee Tluway alizaliwa mle. Mzee ndiye aliyenifundisha kazi. Shule mimi niliishia njiani, nikawa namfuata yeye, naokota maneno yake. Aliyemgusa Mzee kanigusa mimi.

Siku hiyo nilikuwa naye, na wageni watatu, na rafiki yangu Lemali, Mmasai wa Nainokanoka. Njiani Lemali akaanza utani wake: "Babu zangu wamezunguka sana hapa. Ng'ombe mliwanyamazishaje nyie watu?"

"Tuliwaambia Mmasai yuko nje," Mzee akamjibu.

Tukafika tunacheka. Tukakuta trekta. Bura, mtoto wa marehemu kaka yake Mzee, ndiye mwenye shamba, na alikuja kuifukia ile nyumba.

"Shikamoo, baba mdogo. Nilikwambia. Ndama wangu katumbukia humo, kavunjika mguu. Kesho atatumbukia mtoto."

Hata sikungoja Mzee aitikie. "We Bura una wazimu? Unafukia kwenu ili upande maharage?"

"Wewe kwenu wapi? Mnapiga picha, mnaondoka. Watoto wanaocheza hapa ni wangu!"

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Mimi nililichukua, lakini sio kwa kulima. Sikuwa natishia, mwanangu. Lemali akanikamata kiuno. Mzee akaja na magoti yake yale mabovu, taratibu, akasimama katikati yetu.

"Weka chini," akasema. "Waliochimba hapa walikuwa na mikuki. Walichoka kuzika vijana, wakachimba ili damu isimwagike. Leo unataka kuimwaga mlangoni kwao?"

"Babu, wanaizika nyumba yako!"

"Ni yangu, ndiyo. Na Bura naye ni wangu."

Nikaliweka chini. Mzee akaomba aingie kidogo. Akainama, akaingia peke yake. Alipotoka kiganja kilikuwa cheusi, masizi ya moto wa bibi yake, na hakukifuta. Akachota udongo kwa mikono miwili, akaumwaga mlangoni, vile tunavyofanya kaburini. Bura akavua kofia, akamwaga wake. Lemali naye akachota: "Babu zangu hawakuiona. Mimi nimeiona." Hapo hakuna aliyecheka. Mimi nikawa wa mwisho, nikamwaga huku nalia, mbele ya wageni. Ndipo trekta likawashwa.

Tukashuka mpaka sokoni. Baada ya pale alipita njia ile mara chache tu, kisha miguu ikagoma, kisha akatuacha. Kaburi lake tulilichimba mimi na Bura, tunapokezana sururu. Akichoka yeye naingia mimi. Nimejiuliza mara nyingi, ningempiga siku ile, nani angenishusha mle shimoni nimtandikie mzee wangu udongo?

Sasa pale pameota maharage. Wageni nawasimamisha, nawaambia ilikuwa hapa. Wanatazama, hawaoni kitu. Inauma, sikufichi.

Basi nakuasa hivi. Wapende watu wako, tena sana. Lakini kabla hujampigania mtu, muulize kwanza huyo wa upande wa pili ni nani wake. Mara nyingi ni mwanawe. Hasira yako itapoa jioni, uliyempigania ataishi na kovu.

Haya, nenda, wageni wanakusubiri. Mungu akupe miguu mirefu na hasira fupi, na siku ukizika wako, uliowahi kugombana nao wawe wamesimama nawe pale kaburini.